Hereni Zinaanzia Mchikichini

Natengeneza hereni, bangili, mikufu na mikoba midogo, na soko langu ni Dar es Salaam. Mteja akifika nyumbani huvutiwa na meza yangu: koleo za kila umbo, shanga zilizotengwa kwa rangi, vipande vya vitenge, gundi na mikasi. Huamini kwamba hapo ndipo kila kitu kinapofanyika. Kazi ya mikono ni kweli inafanyika hapo, lakini hela inapatikana kwingine. Inapatikana Mchikichini asubuhi na mapema, Kariakoo kabla jua halijawa kali, na kwa mafundi cherehani wa mtaani jioni wanapofagia. Ukinunua vibaya, hata uwe na ufundi gani, umeshapata hasara kabla hujashika sindano. Ukinunua vizuri, hata siku mteja akikulalia unabaki na nauli na mtaji.

Nasema hivi kwa sababu nimewaona akina dada wengi wenye mikono mizuri sana wakiiacha kazi hii. Karibu kila mmoja alilalamika kwamba Watanzania hawathamini vya mkono, wanataka vya kiwandani vya bei chee. Sikubaliani nao. Wanawake wa mji huu wanapenda kupendeza na wanalipia. Wengi wa hao dada walikuwa wananunua vifaa rejareja, duka la karibu na nyumbani, pakiti moja moja, halafu wanauza kwa bei ya jumla kwa sababu wanaona aibu kutaja bei. Kwa mtindo huo hakuna biashara inayoweza kusimama, hata ingekuwa ya dhahabu.

Nianze na Mchikichini. Soko hili, ambalo wengi tunaliita Karume, liko Ilala, na kwa mitumba ndilo ninaloliamini kuliko yote mjini. Januari 2022 liliungua, vibanda vikateketea na watu wakapoteza mitaji waliyoihangaikia miaka mingi, lakini wenyewe walirudi wakaanza upya. Watu huenda pale kutafuta nguo. Mimi huenda kutafuta vitu vilivyoshikizwa kwenye nguo. Koti la sufu la kuvaliwa kwenye theluji halina mvaaji Dar es Salaam, kwa hiyo mchuuzi analiuza kwa bei ya kulitoa mbele ya macho yake, na lina vifungo sita vikubwa vya mbao au vya pembe. Vifungo hivyo ni jozi tatu za hereni. Blauzi iliyochanika kwapani imeshonewa shanga za kioo kifua kizima. Mkoba uliokatika mshikio una zipu ya chuma yenye meno imara, pete nne za kushikia mkanda na mnyororo wa bega. Tai za hariri, ambazo vijana wa siku hizi hawazivai, zinatoa kitambaa laini cha kufunika vidani na kutengenezea vitambaa vya kichwa, na rangi zake huwezi kuzikuta kwenye jora lolote la Kariakoo.

Kwenye turubai la chini wanamwaga mikufu na bangili zilizofika ndani ya mabelo, zimesokotana kama nyavu za wavuvi. Hapo ndipo mtu asiyejua anapita, na anayejua anachuchumaa. Mimi natembea na sumaku ndogo kwenye pochi. Ikikamata mnyororo wa rangi ya dhahabu, najua ndani ni chuma kilichopakwa rangi, na jasho pamoja na hewa ya chumvi ya mji wetu vitakimaliza mapema. Isipokamata, naendelea kuchunguza. Natafuta mahali palipochubuka, mara nyingi karibu na kifungio, niangalie rangi ya ndani. Pakiwa njano vilevile na kitu chenyewe ni kizito mkononi, hiyo ni shaba ya njano, na shaba ya njano unaipiga msasa laini, unaisugua kwa ndimu na chumvi, unaisuuza na kuikausha vizuri, inarudi kung'aa. Pakiwa peupe na kitu ni chepesi, hiyo ni alumini. Nayo ina kazi yake kwenye hereni kubwa zisizovuta sikio, ila usikubali kuilipia bei ya shaba.

Ngozi nayo ina kipimo chake. Usitazame uso, maana uso wa ngozi bandia siku hizi unaweza kumdanganya hata fundi viatu. Tazama ukingo uliokatwa. Ngozi halisi inaonyesha nyuzinyuzi toka juu mpaka chini. Ngozi bandia inaonyesha kitambaa chini na utando wa plastiki juu, na utando huo haupendi pwani: joto na unyevu huufanya umenyuke vipande vipande, hata kama mkoba ulikuwa umetundikwa tu kabatini. Ukimuuzia mteja kitu hicho kwa jina la ngozi, umemuuza na yeye.

Bei pale ni maongezi, na maongezi yana adabu zake. Macho yako yakiganda kwenye bizimu la mkanda, bei ya mkanda inapanda. Mimi huweka vitu vitatu vinne pamoja, kile ninachokitaka hasa nakiweka katikati, kisha naulizia fungu zima.

"Mdogo wangu, hivi vyote unanipa kwa ngapi?"

"Dada, hiyo mikanda ni ngozi hiyo, toa elfu kumi na mbili ubebe."

"Mikanda imekatika matundu, hakuna atakayeivaa. Nina elfu saba na ninarudi wiki ijayo, unanijua."

"Ongeza buku tuyamalize."

Buku ikaongezwa, tukamaliza kwa elfu nane. Neno lililofanya kazi hapo ni kwamba ninarudi, na kweli narudi. Wapo vijana pale wanaoniwekea mfuko pembeni: kila kilichovunjika chenye shaba, shanga au kifungo kizuri wanakitupia humo, nikifika tunahesabiana. Mtu wa namna hiyo humbani mpaka shilingi ya mwisho. Nikimnyonya leo kwa mia tano, kesho mfuko huo unakwenda kwa mwingine, na mfuko huo ndio unaonitofautisha na kila muuza hereni mwingine mjini.

Kariakoo ni habari nyingine. Jengo kuu la soko, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, lakini ununuzi wangu kwa kawaida uko kwenye mitaa inayolizunguka, hasa Mtaa wa Kongo na vichochoro vyake, kwenye vitambaa, nyuzi na vifaa vya mapambo. Mchikichini unakwenda ukiwa na macho tu. Kariakoo unakwenda na orodha, sampuli na hesabu. Bila orodha utarudi na vitu vya kupendeza visivyo na kazi.

Kitenge ndicho kinachowaponza wengi. Kwa mbali vyote vinafanana. Wazee bado wanakisifia kile kizito cha Urafiki, kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, kwa sababu kilikuwa pamba na kilivumilia maji. Leo kwenye rafu moja unakuta pamba tupu, pamba yenye mchanganyiko, na hata polista tupu, na muuzaji anaweza kuviita vyote kwa jina moja. Mimi naomba uzi mmoja wa pembeni, nauchoma nje ya duka kwa kiberiti. Pamba inaungua haraka, inanuka karatasi na kubaki jivu linalopeperuka. Polista inajikunja, inayeyuka na kubaki punje ngumu nyeusi. Halafu nachovya ncha ya leso nyeupe kwenye maji, nasugua kitambaa. Leso ikitoka na rangi, narudisha kitenge dukani kwa heshima na kuondoka. Hereni iliyofunikwa kwa kitenge kinachochuja itachora shingo ya mteja siku ya jua kali, na siku hiyo mara nyingi ni siku ya harusi ya mtu, akiwa na gauni jeupe.

Tofauti hii si ya urembo tu. Polista haishiki gundi ya maji sawasawa. Ukiizungushia bangili inateleza na kuachia kwenye maungio. Pamba inakunywa gundi na kukaa. Kwa hiyo pamba ya bei ya juu inaokoa muda wangu, na muda wangu una bei. Jora zima ni ghali kwa mtu mmoja, ndiyo maana tunanunua kwa kushirikiana watu watatu au wanne: mmoja anashona magauni, mwingine mashuka na foronya, mimi nachukua mita chache. Bei ya jumla tunaipata wote.

Shanga nazo zinataka jicho. Zile ndogo za kioo zinazotumiwa na akina mama wa Kimaasai, ambazo kwa muda mrefu zimetoka Jamhuri ya Czech, zinasifika kwa kitu kimoja: ulingano. Tunga shanga ishirini kwenye sindano, uishike juu kwenye mwanga. Mstari ukinyooka, hizo zinafaa. Mstari ukiwa na mabonde, mkufu wako utapinda, na zile zenye tundu lenye kingo kali zitakata uzi mpaka siku moja shanga zote zimwagike sakafuni mwa ofisi ya mteja. Kuhusu rangi, nadondoshea chache tone la dawa ya kufutia rangi ya kucha. Zilizopakwa rangi kwa juu zinachuja hapo hapo. Kioo chenye rangi yake hakibadiliki.

Halafu ndoano za hereni. Hapa naomba wenzangu wanisikilize kwa makini, maana hapa tunagusa mwili wa mtu. Ndoano za bei ya chini kabisa, zile za pakiti kubwa, nyingi zina nikeli, na nikeli ni moja ya visababishi vikubwa vya mzio wa ngozi: sikio linawasha, linavimba, linatoa maji. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha nikeli kwenye mapambo yanayogusa ngozi tangu miaka ya 1990. Sisi tunaponunua kwa pakiti isiyo na maandishi hatupewi habari hiyo. Mimi nimeamua kutumia ndoano za chuma cha pua kwenye kila hereni, hata ile ya bei ya chini. Zinagharimu zaidi, na gharama hiyo naiweka wazi kwa mteja. Ukimwambia mwanamke kwamba hereni hii haitamwasha, atakuuliza maswali, na baada ya hapo habishani sana kuhusu bei, kwa sababu wengi wana hadithi ya sikio lililooza kwa hereni ya jero.

Kuna vitu sinunui hata vikija mlangoni. Gamba la kasa ng'amba ni kimoja. Bado wapo wanaolileta kimyakimya, limekatwa tayari kwa bangili, lina mawingu ya asali na kahawia yanayovutia kweli. Kasa wote wa baharini wamo katika orodha ya juu kabisa ya mkataba wa CITES, biashara yao ya kimataifa imekatazwa, na mtalii akikamatwa nalo uwanja wa ndege ni wewe uliyemponza. Meno ya tembo hivyo hivyo. Nani anayahitaji, na pembe za ng'ombe zipo kwa wachinjaji? Pembe ukiikata kwa msumeno mwembamba, ukaipiga msasa wa kwanza mkali, kisha wa kati, kisha ule laini unaolowanishwa maji, halafu ukaifuta kwa kitambaa chenye mafuta, inatoa weusi unaong'aa wenye mishipa myeupe, na hakuna vipande viwili vinavyofanana. Harufu wakati wa kukata ni mbaya, ni ya nywele zinazoungua, na vumbi lake lisiingie kifuani: fanya nje, vaa barakoa. Kwa pembe kama hiyo, sioni sababu ya mtu kumgusa kasa.

Ununuzi wa tatu, ule wa jioni kwa mafundi cherehani, ni wa bei ya chini kuliko yote na ndio ulionijengea biashara. Kila fundi anayeshona vitenge anabaki na vipande: pembe tatu, vipande vyembamba virefu, mabaki ya mkono na shingo. Zamani vilitupwa au kuchomwa. Mimi nina mafundi wachache ninaowapelekea kiroba kitupu na kuchukua kilichojaa, na nalipa, hata fundi akisema chukua tu. Nalipa kwa sababu kitu cha bure kinakatika wakati wowote, na kwa sababu fundi anayelipwa ataacha kutupa kipande cha kiganja akidhani ni kidogo mno. Kipande cha kiganja ndicho hasa ninachokitaka.

Na hapa ndipo faida kubwa ilipofichika. Jijini kwetu wateja wakubwa wa hereni za kitenge hawajatoka kwenye ndege. Wanatoka kwenye kamati za sendoff na kitchen party. Sare imechaguliwa, mafundi wanashona, na akina mama thelathini wanataka hereni na bangili zinazooana na gauni. Nikipita kwa fundi nakuta kitambaa cha sare kiko mezani, kabla mwenye shughuli hajafikiria habari ya hereni. Nachukua mabaki, natengeneza jozi moja, nampelekea mwenyekiti wa kamati aishike mkononi. Wengi huagiza papo hapo.

Tatizo la vitu vya kuokota Mchikichini ni kwamba kila kimoja kipo peke yake, na sare inataka thelathini zilizo sawa. Nimelitatua hivi: umbo la hereni na kitambaa vinatoka kwenye mabaki ya sare, ndoano na shanga zinatoka Kariakoo kwa dazani, kwa hiyo zote zinalingana. Kile cha pekee, kwa mfano bizimu la mkanda la shaba au kifungo cha pembe, nakiweka kwenye mkufu wa mama wa bibi harusi peke yake. Anajiona ametengwa na umati, na ametengwa kweli. Mtu wa kuiga akija na simu yake kupiga picha, hereni ataziiga. Mkufu ule hawezi, kwa sababu hakuna duka linalouza kifungo hicho cha pili.

Sasa bei. Nitaweka hesabu hadharani, maana wengi wanaificha. Chukua bangili moja pana ya kitenge. Pete ya plastiki iliyokatwa kwenye bomba, kitambaa, gundi, vanishi na mfuko wa kufungia, jumla tuseme shilingi 1,000. Kuisafisha pete, kukata kitambaa kwa mshazari ili kizunguke bila mikunjo, kuzungusha kila mzunguko ukifunika nusu ya uliopita, kusubiri gundi, kupaka vanishi mara mbili: dakika 40 za mkono wako. Kama unataka siku ya saa nane ikulipe 12,000, saa moja ni 1,500, na dakika 40 ni 1,000. Nauli ya sokoni, umeme, bando na vifaa vinavyochakaa, weka 500. Bangili imekugharimu 2,500 kabla ya faida. Bei ya jumla 3,500, rejareja 5,000. Mwenye kuiuza 2,000 anasema amepata faida ya elfu moja. Hajapata. Kati ya ujira wake wa 1,000 amebakiwa na 500 tu, na dakika 20 kati ya zile 40 amezitoa sadaka ili mtu mwingine apendeze.

Kamati nazo zinaomba punguzo, ni haki yao. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, nipunguzie basi, tuko wengi." Nikamjibu, "Mama, ujira wa mkono siugusi, lakini naweza kupunguza kazi. Tukiziondoa shanga za chini, hereni inashuka elfu moja." Akafikiri kidogo. "Ziondoe shanga. Ila bangili zibaki hivyo hivyo." Tukaelewana. Hilo ndilo punguzo ninalolikubali: kitu kinapungua, bei inapungua. Nusu ya malipo inatangulia kabla sijakata kitambaa, na anayetuma kwa simu namwomba atume na ya kutolea, kwa sababu makato nayo ni gharama kama gundi.

Mali kauli imewatesa mafundi wengi kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Duka la zawadi linakuambia lete mali, tukiuza tunakulipa. Liko duka moja lililokaa na hereni zangu msimu mzima wa watalii, ule wa kuanzia Juni mpaka Oktoba. Nilikuwa napita naona kadi zinapungua ukutani, mali inatoka. Hela yangu niliipata kwa vipande, kwa nauli yangu ya kufuatilia, masika yalipokuwa yameshaanza na watalii wametoweka. Mwenye duka hakuwa mhalifu. Alikuwa anazungusha mtaji wa watu maskini kuliko yeye, kwa sababu hakuna karatasi iliyomzuia. Tangu hapo sitoi mali bila hati: idadi, bei, tarehe ya kuhesabiana, sahihi ya pande mbili, na theluthi ya hela taslimu. Duka lisilotaka hivyo, kila la heri. Maduka mazuri yanakubali, na kukubali kwao ndiko kunakoniambia kwamba ni mazuri.

Waswahili wamesema mali bila daftari huisha bila habari, na kwa kazi hii msemo huo nauchukua neno kwa neno. Daftari langu lina kurasa za kununua na za kuuza, lakini ukurasa ninaoutazama sana ni wa tatu, wa vitu vilivyolala. Kila kitu kilichokaa bila kuguswa naandika nilikinunua wapi na kwa nini. Ukurasa huo ndio unaoniongoza nikirudi sokoni. Unanizuia kununua kwa sababu kitu kinang'aa.

Ufungaji sitausemea sana. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku, nimetumia mifuko ya kaki yenye mhuri wa jina la biashara, na kadi ngumu ya kuning'inizia hereni. Mzigo wa mikoani unakwenda kwa basi kutoka kituo cha Mbezi, ndani ya boksi, jina na namba ya mpokeaji zimeandikwa kwa kalamu nene pande mbili, na risiti napiga picha namtumia mteja. Kwa jina la biashara, kasajili BRELA. Halmashauri na wateja wakubwa wanataka kuona karatasi. Na kama mko kwenye kikundi, ulizeni halmashauri yenu kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo asilimia nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Ni haki iliyoandikwa kisheria. Lakini mkopo wa mtu asiyejua kununua unaishia kwenye pakiti zinazolala kabatini, kwa hiyo jifunzeni soko kwanza.

Naijua thamani ya kazi hii. Imesomesha watoto, imelipa kodi ya nyumba, na imenipa heshima mbele ya watu ambao hapo awali waliniona nachezea vitambaa. Nataka wengine wengi waingie, nafasi ipo. Nikiona kwenye maonyesho ya Sabasaba meza kumi za akina dada, kila moja na kitu chake, nafurahi. Nikipita nikaona hereni iliyochukua saa nzima ya mkono inauzwa kwa bei ya chupa mbili za soda, naumia, kwa ajili ya aliyeitengeneza na kwa ajili yetu wote, maana mteja aliyeinunua kwa bei hiyo atatuuliza sisi wengine kwa nini tunamwibia.

Kwa hiyo, dada yangu unayesoma hapa na una meza yako kona ya sebule: usiku wa leo chukua bidhaa yako moja, ile inayotoka sana. Andika kila kilichoingia humo, mpaka uzi na nauli. Andika dakika zako, uzilipe. Jumla ikizidi bei unayouzia, kesho pandisha bei, na mteja akiuliza sababu mweleze bila kuona haya. Kisha Jumamosi njoo Mchikichini mapema, ukiwa na sumaku.